Swali la Upepo Mbele ya Mkwe

Nianze na neno lenyewe, ili mwenye aibu apate nafasi ya kufunga ukurasa mapema: kujamba. Sehemu kubwa ya maisha yangu hapa Toronto nimeitumia kuwauliza watu wazima, wengi wao wakinizidi umri, kama wamejamba. Nimewauliza wachungaji na mashemasi. Nimemuuliza mwalimu mkuu mstaafu aliyevaa tai juu ya shati la hospitali. Nimemuuliza bibi mmoja akiwa ameshika tasbihi, naye akamaliza kwanza alichokuwa anakisoma, kisha akanijibu. Sikuwa na wazimu. Nilikuwa mkalimani wa hospitali, na swali lilikuwa la daktari.

Nawaandikia ninyi ambao mnakielewa vizuri Kiswahili cha nyumbani lakini mama akiwasemesha mnamjibu kwa Kiingereza. Baadhi yenu mmeanza kuingia kwenye kazi hii, na wengi mliwahi kuifanya mkiwa bado shule ya msingi, mkimtafsiria shangazi mbele ya daktari na kuziruka sehemu zote za aibu. Kazi yenyewe ndiyo hizo sehemu mlizoziruka.

Mimi nimestaafu mapema kidogo. Nywele nyingi bado ni nyeusi. Masikio ndiyo yaliyotangulia kuzeeka. Mkalimani asiyesikia vizuri ni hatari kuliko daktari asiyeona vizuri, maana daktari ana miwani na ana wenzake wa kumsahihisha. Mimi nikisikia "figo" badala ya "nyongo," hakuna mtu mwingine chumbani wa kujua.

Sikusomea udaktari wala lugha. Nilipofika nchi hii nilipanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, Malton, na kwenye basi nikawa nasoma vitabu vya anatomia vilivyotupwa na wanafunzi. Nilichora utumbo nyuma ya karatasi za mizigo mpaka nikaujua kuliko nilivyoujua mtaa wangu. Nasema hivi si kwa kujisifu. Mtaani kwangu nilikuwa napotea kweli.

Basi niwaeleze kwanza kwa nini swali la upepo lina uzito, kwa sababu mkilijua hilo hamtacheka katikati ya kazi. Mtacheka mkiwa kwenye lifti.

Utumbo mwembamba ni bomba refu lililokunjwakunjwa tumboni, na kazi yake moja ni kuteleza. Ukishapasuliwa tumbo, iwe kwa ajili ya mtoto au kidole tumbo, mwili unapona kwa kutengeneza kovu, la nje na la ndani. La nje unaliona kwenye kioo. La ndani linaweza kuwa uzi au utando, unaoshika utumbo na ukuta wa tumbo, au kipande cha utumbo na kipande chenzake. Unaweza kuishi nalo miaka mingi bila habari. Halafu siku moja utumbo unajipinda kwenye ule uzi kama mpira wa kumwagilia bustani uliokunjika, na hakuna kinachopita tena, si chakula wala maji wala hewa. Tumbo linavimba, mtu anatapika. Kipande kilichobanwa kikikosa damu kinakufa, na mwenyewe anaweza kukifuata.

Hewa ikitoka kwa chini, njia ipo. Hiyo ndiyo maana ya swali. Hospitali ina mashine za kupiga picha zinazojaza chumba kizima, lakini mara nyingi nimeona kundi zima la madaktari limesimama kuzunguka kitanda likisubiri ushuzi mmoja.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Sakina, mzaliwa wa Tanga na mkazi wa Thornhill, mwanamke wa Kihindi aliyejifunga mtandio hadi kwenye nyusi na kuendesha gari dogo kwa mwendo ambao magari ya barabara kuu ya 401 hayakuuzoea. Wagonjwa kutoka Kongo walikuwa wakimwona anaingia na kuendelea kumsubiri mkalimani. Akishafungua kinywa wanakaa wima, kwa sababu Kiswahili kile hawakuwa wamewahi kukisikia nje ya redio.

Siku ya kwanza aliniambia, "Wewe ni bomba tu, bwana. Ukianza kuonja maji, hufai." Maana yake usiongeze, usipunguze, usitie sukari. Kila kinachosemwa chumbani kinatafsiriwa, hata matusi, hata daktari akilalamika kuhusu chakula chake cha mchana. Na unasema kwa nafsi ya msemaji mwenyewe. Mgonjwa akisema "naumwa," na wewe unasema "naumwa." Nilimtafsiria mama mmoja mjamzito, nikatamka kwa Kiingereza, nikiwa na masharubu yangu, kwamba nina mimba ya miezi mitano. Daktari alikuwa mgeni kazini. Aliniangalia tumboni, akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Ukiwa na neno lako mwenyewe, la kuuliza au kufafanua, unajitaja kama mtu wa tatu: "Mkalimani anaomba kurudiwa." Inachekesha mwanzoni, kama mfalme anayejitaja jina. Lakini bila hivyo hakuna atakayejua ni nani anaongea.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kusoma sana. Nilikuwa na msamiati wangu, nimeutunga mwenyewe kwenye basi. Kwa zile nyuzi za kovu nilichagua neno zuri, "mshikamano." Nikamwambia mzee mmoja kutoka Kigoma, kwa niaba ya daktari, kwamba tumboni mwake kuna mshikamano mkubwa. Akasema, "Ahsante sana. Hata nyumbani upo." Nikaitafsiri hiyo vilevile, kwa sababu bomba halichagui, na daktari akabaki anatafuta kwenye faili lake mahali palipoandikwa kuhusu nyumbani.

Upasuaji wa matundu madogo, ule ambao Waingereza wanauita kwa jina la tundu la ufunguo, niliutafsiri neno kwa neno. Mgonjwa akaniuliza ni mlango upi. Bi Sakina aliposikia hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimewahi kuuona ufunguo ukiingia tumboni. Nikasema sijawahi. "Basi sema unachokiona. Matundu madogo, kamera, mkasi mrefu mwembamba. Mtu akishaona, hahitaji jina."

Ila funzo lililonichukua muda ni la kujamba na kushuta. Kiingereza cha hospitali kina swali moja. Kiswahili kinataka kujua pia kama kulikuwa na sauti. Mzee mmoja wa Pemba, mtu mkweli sana, nilimuuliza kama amejamba, akaniambia la, hajajamba. Tukamsubiri. Akaulizwa tena, la. Daktari akaanza kuzungumzia chumba cha upasuaji. Ndipo mzee akaniambia kwa upole kwamba ameshashuta, bila sauti, mara nyingi tangu alfajiri, ila hakuna aliyemuuliza. Tangu siku hiyo nilikuwa nauliza vyote viwili, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi. Nanyi ulizeni vyote viwili. Kwa Wakongo na Warundi ongezeni "upepo wa chini," na msitabasamu, maana mkitabasamu tu mgonjwa anadhani swali ni lenu.

Sasa niwape kisa cha Mama Nabintu, ambacho ndicho kilichonifundisha mengine yote.

Mama Nabintu alikuwa mjane kutoka Bukavu. Aliishi Malton na binti yake na mume wa binti, kijana anayeitwa Espoir, kwenye ghorofa ya vyumba viwili. Espoir alipakia mizigo uwanja wa ndege, kazi ambayo niliifahamu kwa mgongo. Binti alihudumia wazee Pickering, upande wa pili wa jiji. Mama alipolazwa, tumbo likiwa limejaa kama ngoma na mrija umepitishwa puani kuvuta kilichokwama, binti alikuwa kazini na zamu haikuwa na wa kuishika. Kwa hiyo aliyekaa na mgonjwa ni mkwe.

Hapo ndipo palipokuwa na shida, na mtu asiyetoka kwetu hawezi kuiona. Espoir hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama dirishani, amekipa kitanda mgongo, anausoma ubao wa maegesho ya magari kwa makini ya mtu anayejiandaa kwa mtihani. Alikuwa anafanya kila awezalo ili asiwepo.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti tulivu. Alikuwa na tabia ya kuvuta kiti na kukaa kabla ya kuongea na mgonjwa, tabia ambayo wenzake wengi waliiepuka kama ugonjwa wa kuambukiza. Alieleza kwamba mama amekunywa dawa inayoonekana kwenye picha, lakini picha haikusema ndiyo wala hapana. Huenda utumbo umeanza kufunguka wenyewe, huenda haujafunguka. Kwa hiyo jibu la mama ndilo litakaloamua: kama upepo unatoka, watasubiri; kama hautoki, watampasua leo hii, kwa sababu utumbo uliobanwa hausubiri.

Nikauliza, namna zote, na upepo wa chini pia.

Mama alijibu kabla sijafunga mdomo. "Ndiyo, docteur. Upepo iko inapita muzuri. Kila kitu iko muzuri."

Nikatafsiri. Daktari akashusha mabega, akafurahi, akasema basi watautoa mrija na kumpa mama vijiko vya maji.

Bi Sakina alikuwa na funzo jingine ambalo sijawatajia: tazama macho ya mgonjwa yanakokwenda kabla ya jibu. Macho ya Mama Nabintu hayakwenda tumboni kwake, wala kwa daktari. Yalikwenda kwenye viatu vya Espoir, viatu vya baridi vyenye mistari myeupe ya chumvi ya barabarani, na yakabaki pale hadi alipomaliza kusema "muzuri."

Nilikuwa bomba, na mbele yangu walikuwa wanataka kupitisha maji kwenye bomba lililoziba. Nikasema, kwa lugha zote mbili, mkalimani anaomba kutaja jambo: katika familia kama hii, swali hili ni gumu kulijibu mbele ya baadhi ya ndugu. Nikaishia hapo. Sikusema kwamba mama amedanganya, kwa sababu sikujua.

Daktari aliliangalia tumbo. Alisema hata yeye alikuwa anataka kuuliza tena, maana tumbo na mdomo havisemi kitu kimoja. Kisha akamgeukia Espoir na kumuuliza kama angependa kahawa. Espoir, ambaye nilikuja kujua baadaye kwamba hanywi kahawa, alitoka kwa kasi hata akaacha koti lake.

Mlango ulipofungwa mama alifumba macho. "Hakuna kitu, docteur. Hata kadogo. Tangu siku ya kanisa."

Daktari akauliza kwa nini basi alisema ndiyo.

"Mukwe wangu alikuwa pale. Ulitaka niseme nini?"

Nilitafsiri. Daktari alisema tu kwamba siku nyingine mama amwambie amtoe mtu nje, naye atamtoa, hata akiwa mkuu wa hospitali. Akamwahidi kwamba huyo angemtoa kwa furaha zaidi.

Nawaomba mlisome hili mara mbili, ninyi mnaofanya kazi kwa skrini. Siku hizi mkalimani ni uso kwenye kijiskrini chenye magurudumu, kinasukumwa hadi kitandani na kugeuzwa kumtazama mgonjwa puani. Nilifanya hivyo miaka yangu ya mwisho. Ni jambo jema kwa mtu anayechukia theluji, lakini skrini haionyeshi viatu vya mtu aliyesimama dirishani. Kwa hiyo kabla ya neno la kwanza ombeni mzungushiwe chumba kizima. Ulizeni nani yupo na ni nani kwa mgonjwa. Ukisikia "mkwe," anza kufikiria kahawa.

Daktari akaanza kueleza upasuaji. Kovu la ndani, nilisema, na si mshikamano. Akaeleza kwamba uzi huenda umetokana na upasuaji wa zamani, akauliza ule mkato ulioko chini ya kitovu ni wa nini. Mama akasema ni wa kitinda mimba wake, aliyekataa kutoka kwa njia ya kawaida. Kitinda mimba huyo ndiye mke wa Espoir.

"Kumbe ni ule mutoto ndiye amenifunga," mama akasema. "Hata tumboni alikuwa na kichwa ngumu."

Daktari akaeleza kwamba wataingia mbali na kovu la zamani, kwa sababu utumbo unaweza kuwa umegandia hapohapo chini ya ngozi. Watajaza tumbo hewa ili linyanyuke na kamera ipate nafasi ya kuona.

Mama akainua mkono. "Ngoja. Munataka upepo itoke, na munaniongezea ingine?"

Lilikuwa swali la haki, na daktari alicheka kabla ya kulijibu. Alisema hewa hiyo ni nyingine, wanaitia na wanaitoa wenyewe, ila kidogo inaweza kubaki na kumuuma begani siku moja au mbili. Nilipotafsiri kwamba upepo wa tumboni utauma begani, mama alinitazama mimi, si daktari, kwa jicho la mtu aliyekwisha kumjua mwongo wa chumba hiki. Nikamwomba daktari arudie. Akarudia. Nikarudia. Jicho halikubadilika.

Ilibaki sehemu ngumu. Daktari alisema kwamba wakikuta nyuzi nyingi, au utumbo umevimba mno hata vyombo virefu haviwezi kuushika bila kuutoboa, wataacha matundu na kufungua tumbo kwa mkato mrefu. Kwa sababu hiyo hawezi kuahidi. Nilitafsiri taratibu. Hapo sauti ya mama ilishuka kwa mara ya kwanza.

"Munikate kidogo," alisema. "Mukinikata kubwa nitalala mingi. Binti yangu iko kazini. Nani ataniosha?" Akaelekeza kidevu mlangoni, nje alikokuwa Espoir. "Ni yeye?"

Mnaona sasa jambo lenyewe. Mama yule hakuuliza kama atakufa. Kufa alikuwa amejipanga, ana Mungu wake na kwaya yake. Alichokiogopa ni kuamka akiwa hawezi kujiosha, katika nyumba ambayo mchana mwenye mikono ni mkwe peke yake. Daktari akasema atajitahidi kwa matundu kadiri tumbo litakavyomruhusu, na akamweleza kwamba hospitali inaweza kuomba mhudumu wa kike aende nyumbani. Mama akatia sahihi. Alitia kwa herufi kubwa, kama anayesaini mkataba na mtu asiyemwamini sana.

Mkalimani haingii chumba cha upasuaji. Aliyelazwa usingizi hana la kutafsiriwa. Nikakaa na Espoir kwenye viti vya kusubiria. Nilitegemea kijana wa huzuni. Nilichopata ni mtu aliyekuwa na mambo ya kusema kwa miaka na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwani wa kumwambia angekuwa mke wake, na mke wake ni mtoto wa mama mkwe.

Aliniambia kwamba kwao hakuwahi kula mbele ya mama mkwe. Akimwona anakuja njiani, anaingia kwenye migomba mpaka apite. Mkono hampi. Kitanda chake hakikalii. "Pale Bukavu kulikuwa na njia mbili za kwenda mutoni, yake na yangu," alisema. "Hapa, kaka, tuna WC moja."

Sijawahi kusikia habari za uhamiaji zikielezwa kwa ufupi zaidi.

Walikuwa wametengeneza sheria bila kuzungumza. Mama anakohoa kabla ya kutoka chumbani, naye Espoir anahamia jikoni na kufungua bomba la maji ili asisikie kitu. Yeye akirudi kutoka zamu anatikisa funguo tangu ngazini. Mama haendi msalani Espoir akiwa nyumbani, labda pawe hapana budi. Na wiki ile Espoir alikuwa likizo. Alikuwa nyumbani kutwa, akijipumzisha, akimheshimu mama mkwe wake kwa nguvu zote, na nyuma ya mlango mama alikuwa anatapika kwenye ndoo kimyakimya ili asimsumbue mkwe. Binti ndiye aliyegundua, alipotafuta ndoo ya kudekia.

"Bomba lilikuwa wazi," Espoir alisema. "Sikusikia kwa sababu sikutaka kusikia. Sasa akikufa, amekufa juu ya heshima yangu?"

Hilo halikuwa swali la kutafsiri. Nilimwambia nilichokijua kwenye vitabu: kwamba sasa hivi wanatafuta pale utumbo mpana unapoanza, kisha wanaufuata ule mwembamba kurudi nyuma, kidole kwa kidole ila kwa koleo laini, kutoka sehemu iliyonywea hadi sehemu iliyojaa. Pale inapobadilika ndipo penye uzi. Wakiuona wataukata kwa mkasi, bila kuuchoma, kwani moto unaweza kuutoboa utumbo ulio jirani. Espoir alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama huwa nasema na watu mambo mengine.

Daktari alitoka akiwa bado na kofia ya karatasi. Espoir akasimama. Nami nikasimama, maana kwa sekunde ile sote tulikuwa wakwe. Uzi ulikuwa mmoja, alisema, umekazana kama kamba ya kiatu. Kipande kilichobanwa kilikuwa cha zambarau. Walipoukata walikifunika kwa kitambaa chenye joto na kungoja, na kikarudi taratibu kwenye rangi yake ya waridi. Hakuna kilichotolewa. Matundu matatu, na hakuna hata moja linalozidi upana wa kidole gumba. Ila akasema wasishangilie bado: utumbo uliopigwa namna ile unalala, na mama hatakula wala kwenda nyumbani mpaka uamke. Tutajuaje kama umeamka? Espoir alikuwa ameshajua, akageuka kuangalia ukuta.

Basi tukarudi kwenye kusubiri. Mama alitembezwa kwenye korido akiwa ameshika nguzo ya dripu kama fimbo ya askofu. Bega lilimuuma, akaniomba radhi kwa lile jicho. Kila muuguzi aliyeingia aliuliza, nami niliuliza, naye alijibu ukweli kwa sababu Espoir alikuwa amejifunza kutoka nje kila aliponiona. Bado. Bado. Njaa ilikuwa imemshika mama, akawa anataja vyakula kwa majina, sombe na samaki wa ziwani, kama mtu anayeita ndugu.

Siku moja nilikuwa kando ya kitanda chake na muuguzi, msichana mpole aliyeanza kazi juzijuzi, tukimweleza mama namna ya kutunza vidonda. Tulikuwa tunazungumzia vidonda tu, kwa hiyo Espoir alikuwapo, amesimama dirishani penye ubao wake wa maegesho. Muuguzi akasema vidonda visiloweshwe. Nikafungua mdomo kutafsiri.

Ukatoka. Kwa lugha ya mzee wa Pemba, haikuwa kushuta.

Muuguzi aliinamia faili lake. Nilimwona mama amefumba macho, uso umejaa aibu. Na kabla hata sijapumua Espoir aligeuka kutoka dirishani, akasimama wima kama mtu aliyeitwa shahidi, akasema:

"Munisamehe. Ni mimi."

Sheria ni sheria. Kila kinachosemwa chumbani kinatafsiriwa, na kwa nafsi ya msemaji. Nikamwambia muuguzi kwa Kiingereza, "Nisameheni. Ni mimi." Muuguzi alinitazama kwa huruma, akasema si kitu, hutokea. Akarudi kwenye vidonda.

Sasa fikirini. Kitu ambacho kundi la madaktari lilikuwa linakisubiri kimekuja, na kijana amekichukua chote kwa heshima. Muuguzi hakuwa na cha kuandika. Mimi sikuwa na ruhusa ya kusema. Sikuwa nimeona, nilikuwa nimesikia tu, na masikio yangu hata wakati ule hayakuwa shahidi wa kutegemewa. Aliyeweza kuurudisha ule upepo kwa mwenyewe ni mtu mmoja. Angekaa kimya, heshima ingebaki nzima na yeye angebaki na njaa.

Mama alifumbua macho. Alimwangalia Espoir usoni, jambo ambalo sidhani alikuwa amewahi kulifanya.

"Haiko yake," alisema. "Iko yangu."

Nikageuka tena kwa muuguzi. "Si yake. Ni yangu."

Yule msichana alikuwa amesikia mtu mmoja, mimi, akiungama ushuzi uleule mara mbili, na mara ya pili akimtetea mtu asiyejulikana. Alifunga faili. Akaniuliza polepole, kama unavyomuuliza mtu aliyeanguka, je, nani hasa? Ikabidi niseme kwamba mkalimani hahusiki, mkalimani anatafsiri tu. Akamwangalia mama. Mama akatikisa kichwa kukubali, kidevu juu, na muuguzi akatabasamu na kuandika. Akasema ataagiza supu.

Espoir alikuwa bado amesimama pale katikati ya chumba, mikono haijui pa kwenda, ushahidi wake umekataliwa.

"Mukwe," mama akamwambia. "Ikala."

Nikatafsiri: "Kaa." Muuguzi, aliyedhani anaambiwa yeye, akakaa. Kulikuwa na kiti kimoja tu, na sasa kilikuwa na mtu. Mama akaisogeza miguu yake chini ya shuka, akapiga godoro kwa kiganja mara moja.

Espoir akakaa.